Filamu ya wafua nguo ya Lumière (1896): kuna tangazo lililowahi kuipita?

#1 MzeeWaProjekta
Habari zenu wakuu.

Kuna filamu ya akina Lumière, wale ndugu wawili Wafaransa wa Lyon walioanzisha sinema, ya mwaka 1896 inaitwa *Laveuses*. Haifiki dakika moja. Wanawake wako nje juani, wanafua, na nguo zimeanikwa nyuma. Mbele kabisa, karibu na kamera kuliko wafuaji wenyewe, yamewekwa makasha ya sabuni ya Sunlight. Maandishi yametugeukia sisi watazamaji, huku Kifaransa, huku Kijerumani.

Basi. Hakuna bei, hakuna mtu anayenusa shati na kutabasamu, hakuna "wahi sasa kabla haijaisha". Wanawake wanafua, sabuni imekaa.

Nasema hivi: hili ndilo tangazo la kwanza kupigwa kwa kamera ya sinema, na Wafaransa walipoliweka hapo, kazi ilikuwa imekwisha. Yote yaliyofuata ni kelele. Anayebisha aje na hoja.

#2 Tundu la Sindano
Nimeshavuta kiti. Wabishi wa humu nawajua, leo hakulaliki.

#3 MwalimuWaZamu
Mada nzuri, ila umewagawia Wafaransa mali ya watu.

Aliyepiga hiyo filamu ni François-Henri Lavanchy-Clarke, Mswisi. Mwaka 1896 alikuwa na ruhusa mbili mkononi: kuiuza Sunlight ndani ya Uswisi kwa niaba ya Lever Brothers wa Uingereza, na kuionyesha sinematografu ya Lumière, mashine yao ya kupiga na kuonyesha filamu, ndani ya Uswisi hiyohiyo. Mwaka huo Geneva kulikuwa na Maonyesho ya Taifa. Jamaa akawa na banda lake pale, *Palais des Fées*, watu wanalipa kuingia kuona picha zinazotembea. Sasa mtu anayeuza sabuni na sinema kwa pamoja, ulitegemea apige picha ya nini? Mbuzi?

Kamera ya Lyon, katalogi ya Lyon, hapo sawa. Akili ni ya Mswisi na sabuni ni ya Mwingereza.

#4 MzeeWaProjekta
Mwalimu, filamu imeingia kwenye katalogi ya Lumière na imezunguka dunia kwa jina la Lumière. Sinematografu ilifunguliwa New York tarehe 29 Juni 1896 kwenye ukumbi wa Keith's, na hiyo ya wafuaji ilikuwemo katika maonyesho ya majira yale. Hakuna Mmarekani aliyelidai lile beseni pasipoti.

#5 FundiPicha wa Mbagala
Ngoja niseme upande wa ufundi, maana ndio ugali wangu.

Kamera ya Lumière ilikuwa kasha la mbao lenye mpini. Unazungusha kwa mkono, takriban fremu 16 kwa sekunde. Filamu ni mita 17 hivi, kwa hiyo una sekunde 50 hivi na roli imekwisha. Huvuti picha karibu, huhamishi kamera, hukati wala kuunga. Filamu yenyewe ilikuwa haipokei mwanga upesi, ndiyo maana karibu kila kitu walipiga nje juani. Maana yake uamuzi wote unafanyika kabla ya kuugusa mpini. Unasimamisha wapi miguu mitatu ya kamera? Nini kiwe mbele, nini nyuma? Ukishaanza kuzungusha, umekwisha kusema.

Mimi napiga harusi. Mwenye ukumbi mmoja alinibana: bango la ukumbi wake lionekane kwenye vidio la sivyo nisirudi tena. Nikaliweka nyuma ya bwana harusi, likatokea kama pembe zimemwota kichwani. Tangu siku hiyo kitu cha mdhamini nakiweka mbele na chini, pembeni kidogo, watu wafanye mambo yao nyuma yake. Macho ya mtazamaji lazima yapite hapo yakienda kwa watu. Lavanchy-Clarke alilijua hilo mwaka wa kwanza wa sinema kuonyeshwa hadharani, na hakuwa na mtu wa kumwiga.

#6 Mama Shuka
Wanaume mnachambua miguu mitatu. Kuna mmoja wenu aliyewahi kufua mashuka ya nyumba nzima kwa mkono?

Kufua ni kutwa. Kuchota maji, kuchemsha, kuloweka, kusugua, kusuuza mara mbili, kukamua, kuanika, na mgongo haunyooki mpaka kesho yake. Filamu imechukua sekunde hamsini za kutwa hiyo, kipande chenye jua na wenzako pembeni, ikakuachia uamini kufua ni mandari. Sanaa mnayoisifu ni hiyo: kuchagua sekunde ambazo mgongo hauumi.

Na msiseme hawakujua. Matangazo ya Lever kwenye magazeti yalikuwa yanauliza waziwazi kwa nini mwanamke huzeeka upesi kuliko mwanamume, na jibu lao lilikuwa siku ya kufua. Kwenye karatasi wakamtisha mama, kwenye filamu wakambembeleza.

#7 Kisu Butu
Mama Shuka umeua.

#8 Pweza Mkavu
Hiyo filamu naijua. Wako mtoni wamepanga mstari, na juu yao kuna wanaume wamesimama wanawatazama bila kazi. Makasha ya sabuni sikuyaona, mleta uzi katutilia chumvi.

#9 MwalimuWaZamu
Pweza, hiyo ni nyingine: *Laveuses sur la rivière*. Ni ya Lumière pia, nayo ni wafuaji, ila sabuni ya mtu haimo.

Na tukizungumzia sanaa tupu, bila biashara, mimi naipa hiyo ya mtoni. Fremu imegawanyika matabaka: chini maji, juu ya maji wafuaji wameinama, juu yao wanaume wamekunja mikono. Kamera haisemi kitu, lakini unamaliza kuangalia ukijua nani anafanya kazi katika mji ule.

#10 Mama Shuka
Hiyo sasa ndiyo ukweli. Wale wanaume wa juu nimewatambua wote, mmoja ni shemeji yangu.

#11 Mtoto wa Kibra
Wadau, mnasifu tangazo ambalo halitangazi. Tangazo ni ile ya sigara za Admiral, kampuni ya Edison, 1897. Jamaa wameketi mbele ya bango, kila mmoja na vazi lake, kasha kubwa la sigara linapasuka, anatoka msichana anawarushia sigara, halafu wanakunjua kitambaa kimeandikwa kwamba sote tunavuta. Ukiitazama leo bado unaelewa unauziwa nini.

Ile ya sabuni ukimwonyesha mtu bila kumwambia, atasema ni kumbukumbu ya familia.

#12 MzeeWaProjekta
Umenisaidia bila kupenda. Mwaka mmoja tu baadaye Wamarekani washaanza kupasua makasha na kurusha vitu. Ndiyo kelele niliyosema.

#13 Hamnazo
Mbona Méliès hamumtaji? Yule alikuwa mwanamazingaombwe mwenye ukumbi Paris, Théâtre Robert-Houdin. Alitengeneza filamu za matangazo za haradali ya Bornibus na kofia za Delion, akazionyesha upande wa mbele wa jengo lake, zikitazama mtaani Boulevard des Italiens. Mtu anapita zake usiku, ghafla ukuta unamuuzia haradali. Huyo ndiye baba wa mabango ya umeme yanayotupofusha kwenye makutano ya barabara. Katika urithi, hapo ndipo pa kuanzia.

#14 MwalimuWaZamu
Hamnazo, hizo za Méliès zilikuja baada ya 1896, kwa hiyo "kwanza" haipati. Tena nyingi zimepotea. Mwaka 1923, akiwa amefilisika, alichoma nakala mama za filamu zake kwa mikono yake. Utapimaje sanaa ya kitu ambacho hakuna aliye hai aliyekiona?

#15 Hamnazo
Kwa hiyo aliyepotelewa hana haki ya kushinda? Haya. Ila kama zingekuwepo hizo, huu uzi ungekuwa wa haradali.

#16 Katibu Kata
Mnapigania mwaka 1896 wakati jibu liko 1895.

Tarehe 22 Machi 1895, Lumière walionyesha Paris, mbele ya jumuiya ya kuendeleza viwanda vya Ufaransa, filamu ya wafanyakazi wakitoka kiwandani. Kiwanda cha nani? Chao wenyewe, Lyon, kilichokuwa kinauza vioo vya kupigia picha. Unakwenda mbele ya wenye viwanda, unawaonyesha lango lako na umati wa wafanyakazi wako unavyomiminika. Tangazo ni nini kama si hilo? Na filamu hiyo ina matoleo matatu, la farasi mmoja, la farasi wawili na lisilo na farasi. Mtu anayerudia picha mara tatu anatafuta ipendeze, hapigi kumbukumbu.

#17 Tundu la Sindano
Kwa hesabu hiyo hata picha yangu ya kitambulisho ni tangazo. Na bado sijapata mnunuzi.

#18 Katibu Kata
Rudia mara tatu, jaribu na farasi.

#19 Duka la Kona
Mimi ni muuza duka, siyajui ya sanaa, ila kuna jambo mmelipita.

Kabla ya Lever, sabuni ilikuwa inaingia dukani kama mche mrefu, muuzaji anamkatia mteja kipande kwa uzito. Vilevile ninavyofanya mimi leo kwa waya. Mteja wa mche hana jina la kutaja, anasema "nikatie ya mia tano", na sabuni ipi anaipata ni uamuzi wangu mimi niliyeshika waya. Lever alisajili jina la Sunlight mwaka 1884, mwaka uliofuata akaanza kuipika mwenyewe Warrington, akaiuza imeshakatwa na kufungwa kwenye karatasi yenye jina. Tangu hapo mama anaingia dukani na jina mdomoni. Muuzaji amenyang'anywa neno.

Sasa rudini kwenye filamu. Mnauliza mbona hakuna maelezo, mbona sabuni haionyeshwi ikitoa uchafu. Haikuwa shida yao. Walitaka ulijue kasha. Ulione limekugeukia, herufi zisomeke, kesho ukiliona kwenye rafu ulitambue. Mswisi wa Kifaransa na Mswisi wa Kijerumani kila mmoja kapewa kasha lake. Mimi kama mwenye duka nasema hiyo filamu ilitengenezwa kunipiga vita mimi.

#20 FundiPicha wa Mbagala
Duka la Kona, hapa umenifundisha kitu. Nilidhani makasha yapo mbele kwa sababu ya mpangilio wa picha tu.

#21 Pweza Mkavu
Bado siamini kama ilipangwa. Labda walikuwa wanafua kweli na makasha yalikuwepo tu, mtu kaja na kamera mpya anajaribu. Filamu za Lumière karibu zote ni hivyo: mtoto analishwa, treni inaingia, watu wanabomoa ukuta. Sasa sisi tunaona njama.

#22 MwalimuWaZamu
Pweza, tafuta nyingine ya Mswisi huyohuyo ya mwaka uleule, *Défilé du 8e bataillon*. Ni gwaride, kikosi kinapita. Na mbele ya gwaride, mahali ambapo hapana sababu yoyote ya kufua, kuna toroli lenye jina la Sunlight. Beseni linahitaji sabuni, nakubali. Bunduki nazo?

#23 Pweza Mkavu
Labda jeshi la Uswisi ni safi sana.

#24 Sungura Mjanja
Nasikitika hakuna aliyegusa chanzo. Mafuta ya hiyo sabuni yalitoka Kongo, watu wetu wakikatwa mikono. Filamu nzuri, damu nyuma.

#25 Mwana Katanga
Ndugu zangu, niko Lubumbashi, lakini ukoo wa mama ni wa Kwilu, hii habari inanihusu. Tuiweke sawa kwa miaka yake.

Lever aliingia Kongo kwa mkataba na serikali ya Ubelgiji mwaka 1911, ikaundwa Huileries du Congo Belge. Kituo chake kikubwa huko Kwilu kilipewa jina la Leverville, leo ni Lusanga. Filamu ni ya 1896, miaka 15 kabla. Na kukatwa mikono ni habari ya mpira wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, si ya mawese ya Lever. Msichanganye, maana mkichanganya mnawapa wengine nafasi ya kusema yote ni uongo.

Lakini baada ya 1911 mambo yalikuwa mabaya bila kuhitaji kuongezewa. Wanaume walilazimishwa kukwea michikichi na kukata mikungu kwa idadi iliyowekwa. Uasi wa Wapende wa 1931 ulizuka katika nchi hiyohiyo ya mawese. Babu upande wa mama alikuwa mkata mikungu. Hakuwahi kuona sinema ya sabuni, aliiona sabuni tu.

Kwa hiyo nikitazama hao wanawake sitawabebesha ya Kwilu. Ila najua fedha za makasha yale zilikuwa zinaelekea wapi.

#26 Sungura Mjanja
Mawese ya kabla ya 1911 yalitoka Afrika pia, mkuu. Magharibi. Hoja yangu iko palepale.

#27 Mwana Katanga
Afrika ya Magharibi wakulima waliuza wenyewe kwa wafanyabiashara. Dhuluma ilikuwepo, ila ya namna nyingine. Soma tena nilichoandika.

#28 Bi Mkubwa wa Malindi (Unguja)
Ahsanteni kwa somo. Na mimi nina la kwetu.

Karne ya kumi na tisa mbata za Unguja na ufuta wa mwambao vilikuwa vinapakiwa kwenda Marseille, vikakamuliwe mafuta, na mafuta hayo ndiyo yaliyopikwa sabuni. Nyumba za biashara za Marseille zilikuwa na mawakala wao hapa mjini. Kwa hiyo Ufaransa walikuwa na sabuni yao, maarufu, na sisi tulikuwa na mkono ndani yake.

Ndiyo maana nashangaa mleta uzi anaposema hii ni kazi ya Kifaransa. Mfaransa mwenye kiburi cha sabuni ya Marseille, kamera yake ya kwanza imtangazie Mwingereza? Hapo mimi namuunga mkono Mwalimu. Mwenye kamera alikodisha macho tu, wa Marseille wakabaki na mche wao.

#29 MzeeWaProjekta
Bi Mkubwa, shikamoo. Lumière walikuwa wafanyabiashara. Aliyechukua kibali na kulipa, alipiga anachotaka. Kutokuwa na wivu wa sabuni nako ni ustadi.

#30 Bi Mkubwa wa Malindi (Unguja)
Marahaba. Hujajibu, lakini marahaba.

#31 Mzee Ngome
Miaka ya sabini gari la sinema lilikuwa likija kijijini kwetu, linasimama uwanja wa shule, kitambaa kinafungwa kwenye miti miwili. Kabla ya picha kubwa kulikuwa na tangazo la sabuni. Lilirudiwa kila safari mpaka watoto tukawa tunaigiza mchana kwenye kisima, mmoja mfuaji, mwingine ndiye sabuni. Picha kubwa zenyewe nimezisahau zote. Sabuni naikumbuka mpaka rangi ya kasha.

Kwa hiyo bwana wa Admiral asiseme tangazo bila kelele halifanyi kazi.

#32 Mtoto wa Kibra
Mzee wangu, lakini hilo lenu lilikuwa na nyimbo na kipaza sauti, si ndio?

#33 Mzee Ngome
Lilikuwa na wimbo, ndiyo. Mwendeshaji aliupandisha sauti mpaka mbwa wakabweka.

#34 Mtoto wa Kibra
Asante, sina swali lingine.

#35 Dada Fremu
Nimesoma kutoka #1. Mleta uzi anasema Wafaransa walimaliza kazi 1896. Hapo sikubali hata chembe.

Mwaka 1935 Alexandre Alexeieff, Mrusi aliyehamia Paris, alitengeneza *La Belle au bois dormant* kwa ajili ya divai za Nicolas. Ni ya vibaraka, ya rangi, muziki wa Francis Poulenc. Ngano nzima ya binti aliyelala inachezwa, na divai inaingia ndani ya hadithi. Huyo na mkewe Claire Parker waliishi kwa filamu za matangazo huku wakifanya zao za kisanii pembeni, na ukiziweka pamoja huoni mkono uliolegea. Ufundi waliojaribia kwenye tangazo uliingia kwenye sanaa, na wa sanaa ukarudi kwenye tangazo.

Halafu kumbukeni, televisheni ya Ufaransa haikuruhusu matangazo ya chapa mpaka Oktoba 1968. Kabla ya hapo aliyetaka kutangaza kwa picha zinazotembea alikwenda ukumbini. Ndiyo sababu matangazo yao ya sinema yalipata muda wa kukomaa: mtazamaji yuko gizani, amelipa, hawezi kubadilisha stesheni, ukimchosha atapiga miluzi. Makasha mawili mbele ya beseni yasingewaokoa hapo.

#36 Hamnazo
Dada Fremu, Poulenc yule wa opera? Kwa divai?

#37 Dada Fremu
Huyohuyo. Na unamjua Millais wa Uingereza? Mchoro wake wa mtoto anayepuliza mapovu, miaka ya 1880, ulinunuliwa na watu wa sabuni ya Pears wakaongeza kipande cha sabuni ndani. Wasanii wakalalamika, sabuni ikauzika.

#38 Kisu Butu
Naona leo kila mtu anatoa povu.

#39 MzeeWaProjekta
Dada Fremu, hiyo ya Nicolas ni nzuri, naikubali. Lakini ni hadithi iliyokodiwa. Laveuses haikukodi hadithi ya mtu. Ilichukua kazi inayofanyika kila wiki kila nyumba ikaketi humo. Filamu za Lumière zimeingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia mwaka 2005, zaidi ya 1,400. Ndani ya hazina hiyo kuna kasha la sabuni limekaa kimya, na limehifadhiwa bure. Wakala gani wa matangazo leo anaweza kumwahidi mteja hivyo?

#40 Mama Shuka
Kasha limehifadhiwa kwa jina. Kwenye katalogi wanawake wameandikwa "wafuaji", basi. Sawa mzee, umeshinda.

#41 Pweza Mkavu
Nimeipata nikaiangalia. Mbona wanafua kwa haraka namna hiyo? Hakuna binadamu anayesugua hivyo.

#42 FundiPicha wa Mbagala
Aliyeipandisha mtandaoni ameicheza kwa fremu 24. Ilipigwa kwa 16 hivi, na mkono wa binadamu haukuwa sawasawa. Punguza kasi mpaka kama theluthi mbili.

#43 Pweza Mkavu
Simu yangu ina nusu au robo tatu tu.

#44 FundiPicha wa Mbagala
Robo tatu inatosha.

#45 Mwana Katanga
Bi Mkubwa, hiyo ya mbata na Marseille naomba uifungulie uzi wake. Nataka kujua wakulima walikuwa wanalipwaje ukilinganisha na mikungu ya kwetu.

#46 Bi Mkubwa wa Malindi (Unguja)
Nitaufungua jukwaa la historia baada ya Isha. Sungura Mjanja aje na miaka yake kamili safari hii.